Watatu Waliozidi Darasa la Nne

Tulimwacha Bi Rula kwenye mlango wa darasa la nne, kidole hewani, mdomo wazi. Kidole ameshakishusha. Mdomo bado.

"Arobaini na mmoja," alisema.

Daftari la mahudhurio mkononi mwake lilisema thelathini na wanane.

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita, habari ni hii. Bi Rula ni mkaguzi wa shule. Jina hilo amepewa na walimu kwa sababu ya rula ya chuma anayopimia madawati, na hajawahi kulikataa kwa sababu hajawahi kuambiwa. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kukagua shule binafsi ya Mama Kengele, mjane aliyegeuza nyumba yake kuwa shule huku wanawe wakimsihi aweke wapangaji. Kengele anaipiga mwenyewe, kwa mkono, utadhani imemkosea. Akipita ukaguzi, leseni inaendelea, na serikali inaendelea kumpa vitabu na mwalimu mmoja wa hesabu. Asipopita, Ijumaa anafunga.

Katika miaka kumi na mmoja ya kazi, Bi Rula alizoea wanafunzi wanaopungua. Vitabu vinagawiwa kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo wenye shule huandika majina ya waliohama, majina ya waliofariki, na safari moja aliita jina, darasa zima likamjibu kuwa huyo ni mbwa wa mlinzi. Hayo anayajua. Fomu yake ina mraba maalumu umeandikwa UPUNGUFU.

Mraba wa waliozidi haumo. Hakuna aliyewahi kufikiria kuwa utahitajika.

"Umehesabu na mlango," alisema Mama Kengele nyuma yake.

"Mlango sikuuhesabu."

"Basi hesabu tena, mama. Macho huchoka."

Bi Rula alihesabu tena. Arobaini.

Alirudia. Thelathini na tisa.

Hapo akaacha kuangalia vichwa, akaangalia dirisha la nyuma. Pazia lilikuwa linacheza, na upepo haukuwepo. Alipita katikati ya madawati taratibu, akasimama na mgongo wake dirishani, akahesabu mara ya nne. Ikabaki thelathini na tisa.

"Bado mmoja," alisema.

Ubaoni, mwalimu wa hesabu aliendelea kuchora duara. Ni mtu mrefu, mwembamba, ambaye hawezi kumaliza wazo bila kusema "kwa hiyo", na wanafunzi humwita hivyohivyo, Kwahiyo.

"Robo tatu," alisema Kwahiyo, kama vile wanafunzi kutoka madirishani ni sehemu ya somo.

Aliyebaki alikuwa dawati la tatu. Msichana wa miaka tisa, mdogo kuliko begi lake, sweta amelivaa ndani nje, mishono yote inaonekana.

"Wewe. Geuza sweta."

Mtoto alilivua, akaligeuza, akalivaa tena. Kifuani palikuwa na nembo ya shule ya serikali. Ile iliyoko upande wa pili wa uzio.

"Shikamoo," alisema mtoto, sasa kwa kuwa walikuwa wamejuana.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Nukta."

"Hilo ndilo jina la nyumbani?"

"La nyumbani ni refu, na sisi tukija huku tunaambiwa tusikae sana."

"Unasoma wapi, Nukta?"

"Kule."

"Na huku unafanya nini?"

"Ni zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

Nukta alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama robo tatu.

"Ya kuja," alisema Nukta.

Bi Rula alimgeukia Mama Kengele. "Kifungu cha kumi na nne," alianza.

"Anayefundisha mtoto ambaye hakumsajili anapoteza msaada na leseni," Mama Kengele alimalizia. "Nakijua. Nimekibandika ofisini, juu ya lile jiko."

Ofisi ilikuwa jikoni kwake. Leseni aliipata kabla ya kupata mahali pa kulipeleka jiko.

Walitoka kwenye korido. Mama Kengele alifunga mlango wa darasa kwa adabu, maana kile kilikuwa chumba chake cha kulala kwa miaka thelathini na bado anakiheshimu.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Rula.

"Miaka miwili. Watatu kila siku. Sijawahi kuwafukuza na sijawahi kuwaalika."

"Wazazi wao wanakulipa?"

"Wanilipe nini? Wanakuja na penseli zao, wanakaa kimya, saa sita wanaondoka. Ningepata wapangaji kama hao, nisingefungua shule."

"Kwa nini waje hapa?"

"Usiniulize mimi. Jiulize yule mwalimu wa hesabu ametoka wapi."

Bi Rula alijiuliza, na jibu likaja haraka kuliko alivyotaka.

Mpango wa serikali wa kuzisaidia shule binafsi ulikuwa hivi: shule ya serikali yenye walimu waliozidi inamtoa mmoja, anaazimwa shule binafsi iliyo karibu, mshahara wake unabaki palepale. Nani anasema walimu wamezidi? Mkaguzi. Na mkaguzi wa eneo hili, miaka miwili iliyopita kama leo, alikuwa nani?

"Muhula ule nilikagua shule hamsini na tatu," alisema Bi Rula.

"Sijakuuliza ngapi," alisema Mama Kengele.

Uzio ulikuwa wa mabati, na nyuma ya choo bati moja lilikuwa limefunuliwa kama ukurasa. Bi Rula alitoa rula, akapima ule mwanya. Sentimita arobaini na mbili. Kanuni za uzio haziruhusu mwanya wa aina yoyote. Aliandika, akaweka rula mkobani, akapita kiubavu.

Upande wa pili alikuta kiti, na juu ya kiti mwalimu mkuu wa shule ya serikali, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe wa gundi.

"Karibu," alisema mzee. "Wageni wengi hutumia geti."

"Unajua wanafunzi wako wanapita hapa?"

"Ndiyo maana nimeweka kiti. Wasije wakapita zaidi ya watatu."

Alisimama, akamwongoza hadi darasa la nne. Lilikuwa na wanafunzi sitini na wawili na madawati kumi na tisa. Ukutani, karibu na mlango, ilibandikwa orodha iliyopigwa mistari kwa kalamu nyekundu: tarehe, majina matatu, sahihi. Tarehe, majina matatu, sahihi. Iliteremka hadi sakafuni, ikaendelea kwenye ukuta wa pili.

"Hii ni nini?"

"Zamu. Darasa zima likivuka, Mama Kengele atafungiwa. Asipovuka mtu, hawa watafika darasa la saba wakihesabu kwa vidole. Nikaona watatu."

"Na umeiandika? Umeiweka ukutani?"

Mzee alishangaa kidogo. "Sisi ni serikali, mama. Tunaandika."

Saa sita Nukta aliingia. Hakuketi. Alivuta kreti la soda hadi chini ya ubao, akapanda, akachukua chaki.

Bi Rula alisimama nyuma kabisa, kati ya ufagio na watoto watano waliokosa dawati. Alikuwa amesimama nyuma ya mamia ya madarasa. Alijua sauti ya darasa linalofundishwa na sauti ya darasa linaloigiza kufundishwa kwa sababu mkaguzi yupo. Hapa hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Leo robo tatu," alisema Nukta. Akachana karatasi vipande vinne, akainua vitatu. "Hii siyo robo na tatu. Mimi nilidhani hivyo mpaka saa nne asubuhi. Ni robo, na robo, na robo. Nani hajaelewa?"

Mikono ikainuka. Nukta akachana karatasi nyingine. Mikono ikapungua. Akachana ya tatu.

Mvulana wa nyuma akauliza, "Na ukiwa na robo tano?"

Nukta alifikiri, chaki puani.

"Hilo mwalimu hakulifikia," alisema. "Ataliuliza wa kesho."

Akaliandika kwenye pembe ya ubao, chini ya maswali mengine saba yanayosubiri wa kesho.

Bi Rula alikohoa. Hakuwa na kikohozi. Alifungua fomu, akatafuta mahali pa kuandika alichokiona. Palikuwa na mstari mmoja tu uliokaribia: SIFA ZA MWALIMU ANAYEFUNDISHA. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza fomu upande wa nyuma, upande ambao haujawahi kuandikwa kitu tangu fomu hizo zianze kuchapwa, akaandika akiwa amesimama, rula ikiwa meza.

Saa nane kasoro robo alirudi kupitia bati lilelile. Na hapo mambo yakageuka, maana uwanjani kwa Mama Kengele kulikuwa na gari jeupe la ofisi, na jikoni, kwenye kiti cha mwenye shule, alikuwa amekaa Afisa Elimu mwenyewe.

Afisa Elimu hakuwa mtu wa kuja. Yeye huitwa, akatuma mtu. Lakini leo amekuja, na mkononi ana cheti cha usajili kimeshapigwa mhuri.

"Bi Mkaguzi! Kazi nzuri," alisema. "Fomu."

"Hujaisoma."

"Ndiyo maana nasema nzuri."

Bi Rula alimpa. Afisa aliusoma upande wa mbele kwa sekunde tatu, akaugeuza. Upande wa nyuma ulimchukua muda zaidi. Uliandikwa hivi: "Waliozidi: watatu kila siku, kwa miaka miwili. Wanamfuata mwalimu wao wa hesabu, aliyeondolewa shuleni kwao kwa ripoti ya mkaguzi. Mkaguzi huyo ni mimi. Naomba arudishwe, au shule zote mbili zipewe ruhusa ya kumtumia pamoja. Wa kwanza kuchunguzwa niwe mimi."

Maji yalichuruzika kwenye sinki. Mama Kengele alikwenda akafunga bomba.

"Huku nyuma hakuandikwi," alisema Afisa.

"Mbele hapakuwa na nafasi."

"Nafasi haikuwekwa makusudi. Chukua fomu nyingine. Andika thelathini na wanane, weka sahihi, twende." Akamgeukia mwenye shule, akachangamka kama amewashwa na swichi. "Mama, shule yako ni ya mfano! Tuliahidi huko juu kuwa eneo letu litakuwa na shule kumi binafsi zinazosaidiwa na serikali. Wewe ni ya kumi. Ukitoka wewe, tunabaki na tisa. Umeona uzito wake?"

Alimnyooshea cheti.

Mama Kengele alikipokea kwa mikono miwili.

Bi Rula hakumlaumu. Yule mama alikuwa na watoto mia moja na tisini, walimu saba, na nyumba ambayo hakubakisha hata chumba cha kulala. Analala stoo, kati ya magunia ya chaki. Kwa cheti kile angepumua mwaka mzima. Bi Rula alitazama pembeni ili mwenzake apumue bila kuangaliwa.

Mama Kengele alisoma cheti polepole, mpaka mhuri.

"Hapa pameandikwa darasa la nne, thelathini na wanane."

"Sawasawa," alisema Afisa.

"Na kile kijitoto chenye sweta, kiko wapi humu?"

"Hakimo, mama. Ndiyo uzuri wake."

Mama Kengele alikikunja cheti kwa uangalifu kisipate makunyanzi, akainama, akakitia kwenye mfuko wa koti la Afisa Elimu, akaupigapiga mfuko.

"Cheti kirudi kilikotoka," alisema. "Kikikua, kije tena."

"Unajua Ijumaa unafunga?"

"Nitafunga mlango. Kengele nitabaki nayo, na mkono ninao."

Afisa alifungua mdomo kujibu, na hakupata nafasi, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kabla hajaanza. Aliingia Kwahiyo, chaki mpaka kwenye nyusi. Katika mazungumzo yote hayo ya kumpeleka hapa na kumrudisha pale, hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwita.

"Samahani," alisema. "Nina swali la hesabu."

"Siyo wakati wake," alisema Afisa.

"Ni fupi." Alitoa bahasha mfukoni, na ndani ya bahasha karatasi mbili zilizochakaa kwenye mikunjo. Moja ilikuwa barua yake ya uhamisho. Ya pili ilikuwa nakala kivuli ya ukurasa mmoja wa ripoti, ulioambatanishwa na barua ile. Aliuweka mezani mbele ya Bi Rula. "Hiyo namba ni ngapi?"

"Nane."

"Walimu nane. Kiwango cha shule ile ni saba. Kwa hiyo amezidi mmoja, kwa hiyo mimi. Lakini tulikuwa sita, Bi Mkaguzi, na mwalimu mkuu yumo kwenye hao sita. Tulikuwa tumepungua mmoja. Kwa hiyo kwa miaka miwili nimekuwa nikijiuliza siku ile ulimhesabu nani."

Bi Rula alivaa miwani. Sahihi chini ilikuwa yake, hilo halina ubishi. Lakini nane zake yeye huziandika kwa viduara viwili, kimoja juu ya kingine, kama vikombe vilivyopandana. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, fundi cherehani aliyetaka kila namba ya kipimo isomeke hata na mtu asiyemjua. Hii ilikuwa na mkia. Ilianza juu na mkia wa sita, kisha mtu mwingine, kwa haraka, akaufunga.

"Hii niliandika sita," alisema.

"Naona," alisema Kwahiyo. "Hata wanafunzi wangu hufanya hivyo wakitaka kubadilisha maksi. Ila wao huwa wanasugua kidogo."

"Miaka miwili! Mbona hukusema?"

"Niliandika barua nne ofisi ya elimu. Zilijibiwa zote."

"Zilijibiwaje?"

"Kwamba zimepokelewa."

Bi Rula alivua miwani. Siku nzima alikuwa amebeba lawama ambayo nusu yake si yake. Akamgeukia Afisa Elimu.

Kiti kilikuwa kitupu. Afisa alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi, anatabasamu kama mtu anayeaga msibani.

"Kivuli ni kivuli," alisema. "Hakionyeshi wino wa nani. Bila ripoti halisi, hiyo ni nane."

"Ripoti halisi iko kwenye kabati la ofisi," alisema Bi Rula.

"Kwa sasa," alikubali Afisa. "Kanuni zinasema ripoti hutunzwa miaka miwili. Kisha zinachomwa, kupunguza panya. Wewe ni mtu wa kanuni, Bi Mkaguzi. Nimekuwa nikikusifia."

Akatoka.

"Miaka miwili inatimia lini?" Mama Kengele aliuliza.

Kwahiyo hakuhitaji ubao. Aliweka kidole kwenye tarehe iliyo juu ya ukurasa.

"Leo."

Uwanjani gari jeupe liliunguruma, likageuka, likatoka getini kwa mwendo ambao Afisa Elimu hajawahi kuutumia akielekea kazini.

Bi Rula alikuja kwa miguu asubuhi ile. Alitoka barazani, akatazama barabara, akatazama viatu vyake.

"Shule ina basi," alisema Mama Kengele nyuma yake.

Lilikuwa kando ya choo, chini ya turubai. Rangi yake ilikuwa imewahi kuwa ya njano. Mama Kengele alivuta turubai, vumbi likapanda, kuku wawili wakatoka kupitia mlango wa dereva.

"Lina kibali?" aliuliza Bi Rula.

"Halina."

"Limewahi kukaguliwa?"

"Lilipelekwa. Mkaguzi wa magari alilitazama, akaomba maji ya kunywa."

"Dereva?"

Mama Kengele alikuwa ameshapanda, ameshakunja mikono ya gauni, anasogeza kiti mbele. Kwahiyo alikuwa nyuma anasukuma kabla hajaambiwa.

Miaka kumi na mmoja, Bi Rula hajawahi kukanyaga chombo kisicho na karatasi. Alipanda. Alikaa kiti cha mbele, fomu kifuani, rula mkononi. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa, ikakubali. Kwahiyo akadandia mlangoni. Basi likapita getini.

"Mama," alisema Bi Rula, "breki zipo?"

Mama Kengele alifikiri kabla ya kujibu. Alikuwa mtu asiyependa kuandikiwa uongo, seuze kuusema.

"Kupanda, linapanda vizuri," alisema.

Mbele yao barabara ya kwenda ofisi ya elimu ilikuwa imeanza kuteremka, na huteremka hivyo mpaka mlangoni.